Mama Mdogo Kwenye Kadi ya Chakula

Ninapika kwenye kantini ya wafanyakazi wa hoteli moja hapa Doha, na kwa miaka sita sasa naandika makala ya mapishi kwenye gazeti moja la nyumbani, kila Jumapili. Upishi ndio unaonilisha. Uandishi ndio ninaoutaja mtu akiniuliza nafanya kazi gani.

Naandika juu ya chakula cha Kusini, na ninaposema Kusini nina maana ya kwetu: Newala, Masasi, Tandahimba, kuteremka mpaka Mtwara na Lindi. Kule mwaka unaujua kwa kuchungulia sufuria. Mbaazi mbichi zikija, mashavu ya watu yanajaa. Zikifuata korosho, watoto wanatembea na midomo iliyochubuka kwa maji ya mabibo, matunda ya mkorosho. Kisha mvua inaanza, ghala linabaki na vumbi, na mpaka Machi kuna siku ambazo mama anawasha moto ili tu majirani waone moshi. Hapa Doha hakuna lolote la namna hiyo. Embe lipo Januari na lipo Agosti, limepangwa kwenye rafu safi, linang'aa, na ukilinusa linanuka friji. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua moja, nikalimenya, nikala vipande viwili, lililobaki nikalitupa. Nilihisi kama nimetafuna sabuni.

Nilianza kuandika Septemba ya mwaka huo, wakati joto la huku linapochanganyika na unyevu na nguo zinakushika mwilini kabla hujafika kituo cha basi. Nilikuwa naishi Al Thumama, chumba kimoja na dada mmoja Mkenya, mtu wa Kakamega, mlinzi kwenye geti la shule. Tunaishi naye mpaka leo. Ndege zilikuwa zinashuka juu ya paa letu siku nzima, na mimi nilikaa kitandani na simu, naandika jinsi ya kupika mbaazi za nazi. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza.

"Dada, hii yako imenifanya nikumbuke nyumbani mpaka nikakasirika," aliniambia siku moja, na mimi nikaichukua kama sifa.

Makala zangu zilipendwa. Zilikuwa na bibi ndani yake. Bibi huyo alitwanga kisamvu alfajiri huku akiimba, na mjukuu wake, yaani mimi, alilala karibu na kinu akisikiliza. Bibi yangu wa kweli hakuimba hata siku moja. Alitwanga huku akimsema babu, na kisamvu alikichukia. Alikila kwa sababu hakukuwa na mboga nyingine. Hilo sikuliandika. Wasomaji walimpenda yule wa kuimba, nami nikaendelea kuwapa.

Oktoba ya mwaka juzi mpishi mkuu wa hoteli aliniita ofisini kwake. Ni mtu mrefu, amepika nchi nyingi, na aproni yake sijawahi kuiona na doa. Alinipa kiti. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kukaa ofisini mwake.

"Nimesikia unaandika," alisema kwa Kiingereza, lugha tuliyozungumza siku zote. "Joto likipungua tunatoa meza bustanini. Nataka meza moja ya Kusini, Kusini yenu, kila Ijumaa mchana mpaka Machi. Chakula chako na hadithi zako."

Nilikubali kabla hajamaliza. Usiku na mchana nilikuwa napikia watu wali na dengu kwenye masufuria yanayochotwa kwa koleo, na hapa mtu ananiambia kisamvu cha kwetu kitakaa juu ya kitambaa cheupe. Nilimwandikia vyakula vyote: mbaazi za nazi, pweza wa kuchoma, ugali wa muhogo, kisamvu cha karanga. Ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba wakati wa kiangazi, niliviacha kwa kuwa hakuna pa kuvipata. Kwenye kisamvu niliandika kwa urefu. Majani ya muhogo yana sumu yakiwa mabichi. Unayatwanga mpaka yapoteze umbo, unayachemsha muda mrefu bila mfuniko ili mvuke uondoke nayo, na hutii karanga wala tui mpaka harufu ya ubichi iishe kabisa. Maneno "bila mfuniko" niliyapigia mstari mara mbili. Kwetu msichana anayajua hayo kabla hajajua kusuka nywele.

Wiki iliyofuata akanijia dada wa matangazo, yule anayeshughulika na picha na maneno ya hoteli. Tulikaa kwenye kibaraza cha nyuma, mahali wafanyakazi wanapoteremshia mboga, na akaninunulia chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki ya huku.

"Chakula tunacho," alisema. "Sasa tunahitaji moyo wake."

Nikampa bibi anayeimba. Hakuandika kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kwa adabu.

"Bibi kila mtu anaye," alisema. "Hakuna kitu kigumu kidogo? Kitu kilichotokea kweli?"

Nikamwambia habari za mama mdogo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya hivyo. Kwanza, aliweka kalamu chini na kunitazama jinsi ambavyo hakuna mtu wa ghorofa za juu aliyewahi kunitazama. Pili, na hili ndilo linalonitia kinyaa nikilikumbuka, nilitaka meza yangu ifanikiwe.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea. Nilipokuwa na miaka tisa mvua ilikatika. Kilichobaki shambani kilikuwa muhogo mchungu, ule ambao hauliwi mpaka umenywe, ulowekwe, kisha uanikwe juani wiki nyingi uwe makopa. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na wiki nyingi. Tulimenya asubuhi, tukatwanga, tukaanika juu ya paa nusu siku, jioni ikawa ugali. Mama mdogo alikuwa na miaka ishirini na miwili na alikuwa ananyonyesha. Mboga kidogo iliyopatikana alitupa sisi watoto. Yeye alikula ule ugali kwa chumvi. Asubuhi moja aliinuka kwenda kisimani na miguu ikakataa. Magoti yalikaza, visigino havikugusa tena chini. Watu walisema amerogwa. Baadaye hospitali ya misheni wakasema ni muhogo. Tangu siku ile anatembea na fimbo mbili, na kwa fimbo hizo hizo alinilea, akanisomesha, akanipeleka kituo cha basi nilipokuja huku.

"Asante," alisema dada wa matangazo. Macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli, siwezi kumsingizia. Lakini kalamu alikuwa ameishaichukua zamani. Iliandika haraka haraka huku macho yakilia, niliiona, na sikumwambia aache.

Jumatano kabla ya Ijumaa ya kwanza tuliitwa kuonja. Mpishi mkuu aliweka bakuli mbele yangu, na ndani yake kulikuwa na kitu cha kijani kibichi, kijani cha rangi ya kupaka mlango, laini kama dawa ya meno, na punje za korosho juu yake zimepangwa duara. Niliinama kunusa. Kilinuka majani yaliyokatwa sasa hivi. Nikaweka kidogo kwenye ncha ya ulimi, na uchungu ukanipanda nyuma ya koo. Nilitema kwenye tishu mbele ya wapishi wote.

"Umekichemsha muda gani?" niliuliza.

"Dakika kumi na mbili. Tumeyasaga kwa mashine, tukayapitisha kwenye maji ya moto, tukayatia kwenye barafu ili yashike rangi. Ukizidisha yanakuwa rangi ya tope."

"Kisamvu ni rangi ya tope, chef."

"Tope hakuna atakayelipiga picha."

"Niliandika kwamba yana sumu."

"Nilisoma," alisema, na hakuwa na hasira hata kidogo. "Kila mgeni anapata vijiko viwili. Na mashine yetu inasaga kuliko kinu chenu. Lakini sawa, tutaongeza dakika."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilirudi kantini, nikasukutua mdomo mara tatu, na uchungu ule nikawa nao mpaka nilipolala.

Ijumaa ilikuwa siku nzuri, na hilo nalo liliniudhi baadaye. Upepo mwepesi, jua la kuota, nyasi zimemwagiliwa. Walinivalisha khanga juu ya sare ya upishi, khanga mpya ambayo haijafuliwa, ngumu kama karatasi. Nilizunguka meza kabla wageni hawajakaa, na juu ya kila sahani nikakuta kadi nene, rangi ya udongo, imechapwa kwa herufi za kupendeza. Nikasoma. Kadi ilisema kwamba katika kijiji cha mbali barani Afrika, mwanamke asiyeweza kutembea alimfundisha mtoto wa dada yake siri ya majani haya. Chini yake, kwa herufi zilizolala, ilisema: Onja njaa iliyogeuka upendo.

Nilisoma mara mbili. Nilimtafuta dada wa matangazo kwa macho. Alikuwa mbali, anapanga maua, akanipungia mkono.

Wageni wakakaa. Mbaazi zikaja, na zilikuwa nzuri, wapishi walizitendea haki. Pweza akaja. Kisha wahudumu wakatoka na mabakuli madogo, na kutoka nilipokuwa nimesimama niliona ile rangi ya mlango. Nilimfuata mhudumu wa karibu, nikachovya kidole kwenye bakuli moja, nikaweka mdomoni. Uchungu ule ule. Mpishi mkuu alikuwa amesimama penye kivuli na mikono nyuma. Hapo hapo nikakabidhiwa kipaza sauti.

Nakumbuka nilichosema, maana nilikisema taratibu ili Kiingereza changu kisiniangushe.

"Chakula hiki kinaitwa kisamvu. Mwanamke aliyeandikwa kwenye kadi ni mama yangu mdogo. Hakuwahi kuniambia kwamba njaa ni upendo. Miguu yake iliharibiwa na muhogo ambao hatukuupa muda, kwa kuwa tulikuwa na njaa. Majani mliyowekewa hapo hayajapewa muda pia. Hayajaiva. Naomba msiyale."

Kisha wakapiga makofi.

Nimewahi kusafisha mfereji wa jiko ulioziba mafuta ya mwezi mzima. Nimewahi kufungua boksi la kuku lililosahauliwa juani Julai. Sijawahi kuhisi kichefuchefu kama nilichokihisi nikisikiliza makofi yale. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Mama mmoja aliyekuwa mbele kabisa alijifuta jicho kwa kitambaa cha meza, akachukua kijiko, akala. Alikula polepole, kwa heshima, kichwa ameinamisha, kama mtu anayetimiza wajibu kwenye msiba. Mwanamume wa pembeni yake aliniomba nirudie maneno ya mwisho, kwa kuwa simu yake haikuwa imeanza kurekodi.

Niliweka kipaza sauti juu ya nyasi. Nikaenda kwa yule mama, nikasema samahani, nikachukua bakuli lake. Nikachukua na la jirani yake. Wahudumu wawili, Waganda, wakadhani ni amri iliyotoka jikoni, wakaanza kunisaidia bila kuuliza. Kwa dakika chache meza nzima ilikuwa haina kijani. Tukabeba masinia mpaka jikoni, nikayamwaga mabakuli yote kwenye pipa, moja moja, na kile kitu kikashuka kwa uvivu, kikilamba kingo.

Mpishi mkuu aliingia nyuma yangu. Hakupaza sauti.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Rudi kantini."

Hakuna aliyeugua, kwa ninavyojua. Mpishi mkuu aliwaambia wenzake kwamba huo ni ushahidi kuwa nilikuwa naleta maneno. Nilipewa barua ya onyo. Ijumaa iliyofuata waliweka mchicha uliopikwa kwa nazi, wakauita kisamvu, na hakuna mgeni aliyeuliza. Niliomba jambo moja tu, kwamba kadi iondolewe. Dada wa matangazo alinisikiliza kwa masikitiko, akanishika bega, akasema kadi zimeshachapwa za msimu mzima. Na kwa kuwa mimi sikuruhusiwa tena bustanini, alisimama yeye mwenyewe kila Ijumaa, akasimulia habari za mama mdogo kwa kipaza sauti. Mmoja wa wale wahudumu alikuja kula kantini, akaniambia kwa nia njema kabisa, "Dada, huyo mama anailia hiyo habari vizuri kuliko wewe." Nilimpakulia wali, nikamwongezea mchuzi.

Jumamosi iliyofuata ile Ijumaa ya kwanza, saa nne asubuhi, simu iliita. Dereva mmoja wa kwetu anayeishi Al Wukair alikuwa amewaleta mabosi wake kwenye ile meza. Alipiga picha kadi, akaiweka kwenye kundi la watu wa Kusini walioko Qatar. Kutoka hapo mpaka Newala haikuchukua hata siku moja. Mtu fulani kule alimtafsiria mama mdogo.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Nimeambiwa niko Doha."

Nikaketi sakafuni.

"Nimeambiwa niko mezani, kwenye sahani za watu. Wameandika kwamba siwezi kutembea. Leo nimetembea mpaka gulioni, nimeuza mbaazi zangu kavu, nimerudi. Sasa nani hawezi kutembea?"

"Wamekosea, mama. Sikuandika mimi."

"Nani aliwaambia?"

Kulikuwa na kelele ya kuku upande wake. Nilisikia akivuta pumzi.

"Nimekuuliza nani aliwaambia."

"Mimi."

"Na mtoto? Umemtaja?"

"Hapana, mama. Huyo sikumtaja."

"Basi huyo umeniachia," alisema, na akakata simu.

Mtoto aliyekuwa akimnyonyesha mwaka ule alikufa kabla mvua hazijarudi. Zaidi ya hapo sisemi, kwa kuwa ndicho kiasi nilichoruhusiwa.

Mwenzangu wa Kakamega alirudi kutoka shifti saa tisa mchana akanikuta nimekaa sakafuni. Nilimweleza yote huku nikiwalaani watu wa hoteli mmoja mmoja. Nilisema ni wachafu. Nilisema mikono yao inanuka manukato lakini wenyewe wananuka uozo. Yeye alikuwa anafungua kamba za buti, hakuniangalia.

"Ni wachafu, mimi sikatai," alisema. "Lakini dada, hiyo stori ilitoka wapi? Hao hawakuingia kwa ndoto zako waitoe."

"Aliniuliza."

"Na wewe ukapeana. Mimi nakupenda, ndiyo maana nakwambia. Na ile ya shosho anaimba akitwanga, hata hiyo nilikuwa najua ni uwongo. Hakuna mtu huimba akitwanga kitu hapendi."

"Ulijuaje kwamba hapendi?"

"Si uliniambia wewe mwenyewe, siku ya kwanza nilikuona ukipika? Ulisema bibi yako alichukia hiyo mboga kabisa. Halafu nikasoma kwa gazeti anaimba."

Aliweka buti mlangoni, akaenda kuoga. Mimi nikachukua simu, nikafungua makala zangu za miaka yote, nikazisoma tangu ya kwanza. Nilizisoma kwa siku tatu, kwenye basi, kwenye mapumziko, nikiwa nasubiri dengu zichemke. Kinyaa nilichokuwa nacho kwa watu wa hoteli kilihama polepole, kikaja kukaa kwangu. Bibi anaimba. Babu anarudi na samaki, anatabasamu. Babu yangu hakuvua hata siku moja, alikuwa fundi wa baiskeli. Kifuku, ule msimu wa mvua na njaa, nilikuwa nimekiita wakati wa familia kukaa karibu na moto. Hivyo ndivyo nilivyoandika, kwa mkono wangu, bila mtu wa matangazo kuniomba. Tofauti ya maneno yangu na ya kadi ilikuwa lugha tu.

Nilimwandikia mhariri wa gazeti kwamba nataka kupumzika, nikamweleza kwa kifupi yaliyonikuta. Alijibu haraka kuliko kawaida yake. Alisema hilo ndilo la kuandika, litasomwa sana, na kama nina picha ya mama mdogo akiwa na fimbo nimtumie. Nilikaa na ujumbe huo nikiutazama. Ni mtu mwema. Amenisahihisha Kiswahili changu miaka mingi kwa upole. Nilimjibu kwamba picha sina.

Tulikubaliana niendelee, lakini kwa njia nyingine. Kuanzia hapo niliandika upishi mtupu: kiasi cha chumvi, muda wa moto, kosa linalofanyika mara kwa mara na namna ya kuliokoa. Bibi nilimtoa. Wasomaji walilalamika. Mmoja aliandika kwamba siku hizi makala zangu ni kavu kama maelekezo ya dawa, na kwamba anamkumbuka sana bibi. Nilitaka kumjibu kwamba hata mimi simjui huyo bibi anayemkumbuka, lakini nikarudi kwenye kiasi cha chumvi.

Msimu wa baridi ukaisha. Machi joto likarudi, meza zikaondolewa bustanini, kadi zikatupwa au zikawekwa mahali, sijui. Mpishi mkuu alihamia nchi nyingine. Dada wa matangazo bado yupo; tukikutana kwenye lifti ya wafanyakazi ananiuliza habari za mama mdogo kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ndugu yake pia, na mimi natazama namba za ghorofa zikibadilika.

Mama mdogo hakunipigia tena. Nilituma salamu kwa majirani, zikapokelewa, zikajibiwa kwa salamu. Julai nikapata likizo, nikaenda nyumbani.

Alinipokea mlangoni akiwa amesimama na fimbo zake, amevaa gauni zuri. Nikampigia shikamoo, akaitika. Akaniambia niketi sebuleni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na moshi na harufu ya mbaazi mbichi, zile za kwanza za mwaka, na mimi nikainuka kwenda jikoni kama nilivyozoea tangu utoto.

"Kaa," alisema. "Mgeni haingii jikoni."

Nilikaa. Jirani mmoja, mama wa makamo anayemsaidia, aliniletea chakula kwenye sinia lililofunikwa kawa, na maji ya kunawa, na taulo. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha mbali, akanitazama nikila. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu nilijaribu kumwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, na nilipoyaanza nilisikia yanatoka vizuri mno, yamepangika, kama aya ya makala. Nikanyamaza katikati.

"Endelea," alisema.

"Siwezi, mama. Nimechukia sauti yangu."

"Hilo ndilo la kwanza la kweli uliloniambia tangu ufike," alisema, na akainuka kwenda kulala mchana.

Siku ya sita aliniita kutoka uani. Alikuwa amekaa mkekani na rundo la ming'oko mbele yake, bado na udongo mwekundu wa porini. Aliniambia niache simu ndani. Niliiacha. Alinipa kisu, tukaanza kumenya. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipohama kutoka mkekani. Aliniuliza habari za Doha, kama ni kweli maembe yapo mwaka mzima, na nilipomweleza yanavyonuka alicheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akaniambia yaliyomo moyoni mwake juu ya mwaka ule wa njaa, mengi ambayo sikuyajua, na akayataja mambo mawili ambayo nisiyaandike kamwe. Hayamo humu.

"Mengine andika ukitaka," alisema. "Lakini andika kwamba natembea. Na uandike kwamba mboga niliwapa ninyi kwa hasira. Mlikuwa mnalia sana, nikachoka kuwasikia. Msinifanye malaika."

Nikamwambia nitaandika hivyo. Akanisahihisha jinsi ninavyoshika kisu, akasema Doha imeniharibu mkono, ninapoteza nusu ya kiazi kwenye maganda. Tulimaliza rundo, akaniambia nikateke maji.